The Rundown (2003): hii ndo muvi ya kumwonyesha mtu asiyejua The Rock katokea wapi

Mtoto wa dada angu kaja kukaa kwangu likizo hii, ana miaka 12, The Rock anamjua wa Jumanji na ile sauti ya Maui kwenye Moana basi, ukimwambia huyu mtu alikuwa anacheza mieleka anakuangalia kama unamdanganya. Nikamwambia kaa hapo, leo nakuwekea muvi yake ya 2003, enzi hizo mama ako bado anavaa sketi ya shule. Nikachemsha mihogo, laptop juu ya stuli, tukaanza, na kufika katikati pale kwenye kambi ya msituni dogo akaacha kutafuna akanigeukia, "Mjomba, kumbe The Rock anapigwaga?"

Hilo swali limenikaa kichwani wiki nzima na ndo limenifanya niandike hii review ndefu, maana muvi hii naipenda toka moyoni na naona watu wanaipita tu wakati kwangu mimi ndo muvi iliyomtoa The Rock ulingoni na kumfanya stelingi wa kweli, sio ile ya Scorpion King.

Kwanza jina, maana hapa ndo watu wanapotea. Marekani iliitwa The Rundown, ila nchi nyingi za nje iliuzwa kwa jina la Welcome to the Jungle, sasa mi nikaenda kwa jamaa wa library ya muvi hapa mtaani nikamwambia niwekee Welcome to the Jungle ya The Rock, akaniwekea Jumanji ya 2017 ambayo nayo jina lake la pili ni hilo hilo, nimefika home nachomeka flashi nakutana na Kevin Hart. Ikabidi nirudi. Kwa hiyo ukienda kuiulizia taja majina yote mawili, taja mwaka 2003, sema ile aliyocheza na Seann William Scott yule wa American Pie na Rosario Dawson, afu omba aifungue kwanza uone kabla hujalipa.

Stori yenyewe nyepesi. The Rock anaitwa Beck, kazi yake kukusanya madeni ya bosi mmoja mkorofi, na yeye hiyo kazi ameichoka, anataka afungue mgahawa wake apike, kila mahali anatembea na kijitabu anaandika mambo ya mapishi. Bosi anamwambia kazi ya mwisho, nenda Brazil kwenye msitu wa Amazon ukanirudishie mwanangu Travis, ukimleta nakupa hela ya mgahawa. Anafika kwenye mji wa machimbo ambao mzungu mmoja anaitwa Hatcher kaufanya mali yake, wachimbaji wanafanya kazi kama watumwa, na Travis yeye anatafuta sanamu ya dhahabu ya kale. Basi, hapo vurugu zinaanza.

Sasa njoo kwenye sini ya mwanzo kabisa, naomba hii uiangalie kwa macho mawili. Beck anaingia klabu ya usiku, katumwa achukue pete ya mcheza mpira wa Kimarekani anayedaiwa. Ile anaingia tu Arnold Schwarzenegger anampita, yule mzee mwenyewe, anamtupia maneno mawili ya kumtakia starehe njema, anaenda zake. Sekunde chache tu hizo lakini mi naziona kama mzee anamwachia kijana funguo za nyumba, na ukumbuke muvi ilitoka tarehe 26 Septemba 2003 na tarehe 7 Oktoba, hata wiki mbili hazijaisha, Arnold akachaguliwa gavana wa California. Aliondoka kweli kweli. Afu Beck anaenda kwa yule mchezaji anaongea kwa adabu, anamwomba, anamwagiwa kinywaji usoni. Angalia sura yake hapo. Hafoki, hatunishi kifua, anajifuta taratibu anarudi pembeni anampigia bosi simu kumwomba hii kazi ampe mtu mwingine kwa sababu hataki kuwaumiza wale vijana, ni wachezaji anaowaheshimu. Bosi anakataa. Sasa ukishamuona mtu ameomba mara mbili, anapoanza kupiga na wewe unakuwa upande wake moja kwa moja, na ule mwili wote unakuwa na maana, maana umeona kwanza jinsi alivyokuwa anauzuia.

Ile sio kitu alichojifunzia shule ya uigizaji, ile ni mieleka. Watu wanaidharau sana mieleka, "aah ya uongo ile", sawa, matokeo ya WWE, ile kampuni ya mieleka ya Marekani, yanapangwa hilo halina ubishi, ila kuanguka hakuna uongo. Chini ya lile turubai kuna mbao na vyuma, juu wameweka kagodoro kembamba, mtu wa kilo 110 anainuliwa anabamizwa mgongo na anatakiwa abane kidevu kifuani, mikono ipige chini kwa wakati mmoja, pumzi aitoe, akikosea kidogo shingo imekwenda. Na juu ya hapo anatakiwa akuuzie kipigo, yaani yule aliyempiga aonekane hatari mpaka wewe wa kiti cha mwisho kule juu usikie maumivu. Huo ndo ufundi wenyewe. Kumpiga mtu kila mtu anajua, kupigwa ukapendeza ndo shughuli.

Na The Rock kwenye kuuza kipigo alikuwa hana mfano. Tafuta mechi zake na Stone Cold Steve Austin, walikutana WrestleMania mara tatu, 1999, 2001 na 2003, uone jamaa akila ile Stunner, lile pigo la Stone Cold, anavyoruka na kujibwaga kama samaki aliyetupwa mchangani bado mzima. Watoto wa Morogoro enzi hizo tulikuwa tunaigiza ile kwenye lundo la mchanga wa ujenzi, na wote tuligombania kuwa Stone Cold au The Rock ila ukweli aliyekuwa anashangiliwa ni yule anayeanguka vizuri.

Kingine alichokitoa kule ni kuzomewa. Alianza WWF, ndo WWE hiyo hiyo kwa jina la zamani, Novemba 1996 pale Madison Square Garden, New York, wakampa jina la Rocky Maivia, wameunganisha jina la baba ake Rocky Johnson na babu ake Peter Maivia, wote wacheza mieleka, wakamvisha manyuzi nyuzi wakamwambia tabasamu uwe mtu mwema. Haikuchukua muda watu wakaanza kumzomea ukumbi mzima. Fikiria kijana wa miaka 24 maelfu ya watu wanakuimbia kwamba hufai. Hakukimbia, akageuka kuwa mbaya, akachukua maiki akawa anawajibu, na hapo ndo ule mdomo, ile nyusi moja kuinuka, zile pozi za kusubiri kelele zipungue ndo amalizie neno, vyote vikazaliwa mbele ya watu, laivu, hakuna kurudia. Mwigizaji wa kawaida akikosea direkta anasema kata tunarudia. Huyu miaka yote ile hakuna aliyemwambia kata.

Sasa rudi kwenye kambi ya msituni, pale mtoto alipoacha mhogo. Beck anakutana na waasi, na kati yao kuna jamaa mdogo mdogo anaitwa Manito, kachezwa na Ernie Reyes Jr., mtu wa karate toka utotoni, ukimsimamisha pembeni ya The Rock anamfika kifuani. Unategemea nini? Unategemea The Rock amwinue kwa mkono mmoja amtupe. Wapi! Yule mdogo anaruka juu ya mti, anarudi na teke la kifua, anazunguka anampa la kichwa, wenzake wanashuka na kamba, Beck anaruka hewani anatua mgongo, anaamka anakuta tayari lingine limeshafika. Na kila teke unaliona linaingia kwa sababu anayelipokea anajua kazi yake, mwili unafuata teke, macho yanapotea kidogo, anaamka na lile swali usoni la hawa watu wametokea wapi. Mapigano yalipangwa na Andy Cheng ambaye katokea timu ya stanti ya Jackie Chan, na unaona kabisa ile damu ya Hong Kong imo, ila Andy Cheng angepewa mtu asiyekubali kuanguka angefanya nini? Ile sini inamfanya Manito awe staa kwa dakika tano, na aliyemfanya ni The Rock.

Halafu kuna ule mteremko. Gari linapinduka, Beck na Travis wanaanza kubingirika mlimani, wanabingirika, unafikiri wamefika, wanabingirika tena, wanagonga mti, wanaendelea. Nakumbuka nilivyoiona mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, TV ya chogo, kiingilio shilingi mia, tumebanana kwenye benchi, kila wakigonga kitu kibanda kizima "eeeeh!", na mzee mmoja nyuma yetu aliyekuja kupoteza muda tu akasubiri wafike chini, akavuta pumzi akasema "jamani huyu mtu ana mama". Mpaka leo nikiiona namsikia yule mzee.

Kitu kingine, bunduki. Beck muvi nzima hataki kushika bunduki, anazinyang'anya anatoa risasi anatupa, anasema akizishika anakwenda mahali ambapo hataki kwenda. Hakuelezei ni wapi. Kwa hiyo mwishoni pale mji unawaka, ng'ombe wanakimbia hovyo barabarani na rubani anapuliza zumari la Kiskochi, Beck kakwama nyuma ya gari anazitazama bunduki ziko chini pale mbele yake, kamera inakaa usoni kwake, hasemi neno, na we unajua kila kitu kinachopita ndani ya huyu mtu. Miaka mitano ya mwisho nimeangalia muvi nyingi za ngumi, sijaona nyingi ambazo zimenifanya nisubiri namna ile stelingi aokote silaha.

Adui naye, yule Hatcher, kapewa mtu wa maana, Christopher Walken. Kuna mahali anawahutubia watu wake kuhusu hadithi ya wazungu ya yule kiumbe anayekuja usiku kuchukua jino la mtoto chini ya mto na kumwachia hela, na mkalimani anahangaika jinsi ya kuwaeleza watu wa kule kitu kama hicho. Dogo alikuwa hajui hiyo mila, kwetu jino unalirusha juu ya bati, ikabidi nisimamishe nimweleze, na baada ya hapo ile hotuba ikamwogopesha zaidi kwa sababu akaelewa kwamba huyu mzee anaongea mambo ya kitoto huku ana mji mzima mkononi.

Na hapa niseme kuhusu muvi za kutafsiriwa. Mi nazipenda, wale madj wametufundisha wengi wetu kuangalia muvi na bibi angu hajawahi kuangalia muvi nyingine zaidi ya za kutafsiriwa, kwenye Scorpion King inakolea kweli maana pale ni panga na mchanga tu. Ila hii ukiipata ya kutafsiriwa na ya asili, chukua ya asili yenye maandishi ya chini. Kopi ya kutafsiriwa niliyowahi kuwa nayo, aliyetafsiri alikuwa anajaza kila penye ukimya, pale Beck anafuta kinywaji usoni jamaa anaongea, pale anazitazama bunduki jamaa anaongea, hotuba ya jino kaipita juu juu. Utamu wa hii muvi uko kwenye sehemu ambazo The Rock kanyamaza.

Kasoro zipo na sizifichi. Hiyo Amazon ni Hawaii, walikoenda kushutia, misitu mizuri lakini yule aliyewahi kuona Hawaii kwenye muvi nyingine ataijua ile milima. Kubwa kwangu ni nyani. Beck na Travis wamenasa mtegoni msituni, wanakuja nyani kuwasumbua, sasa mi nimepita barabara ya Mikumi tangu mtoto, nyani nawajua, wale ni nyani wa huku Afrika kabisa, Amerika Kusini hawapo porini, huko wana jamii nyingine za kima, baadhi yao wana mikia ya kushikia matawi. Mtoto mwenyewe kaliona bila kuambiwa, "hawa si wa Mikumi?" Na hiyo sini ina utani wa kikubwa kidogo, kama unaangalia na wakwe jiandae kuongea kitu kingine. Jingine, wachimbaji wa ule mji wamefanywa kundi tu, wanateseka nyuma ya picha lakini hakuna hata mmoja tunayejua jina la mtoto wake, Rosario Dawson peke yake ndo kabebeshwa uchungu wa mji mzima na anaubeba vizuri, ila walistahili zaidi.

Hela haikuleta. Iliwagharimu kama dola milioni 85 na dunia nzima ikaingiza kama milioni 81, na kwa hesabu za Hollywood hapo umepata hasara maana majumba ya sinema nayo yanachukua lake. Inaniuma. Scorpion King mwaka mmoja kabla, ambayo alilipwa dola milioni 5.5 mpaka ikaingia Guinness kwa mtu anayecheza stelingi kwa mara ya kwanza, ilifanya vizuri zaidi sana, na humo The Rock amesimama tu kama sanamu iliyopakwa mafuta. Watu walinunua mwili. Muigizaji walipoletewa hawakuja.

Ukitaka kuona tofauti weka hii halafu weka The Marine ya John Cena ya 2006. Cena nampenda, namheshimu, lakini ile muvi ilitengenezwa na kampuni ya WWE wenyewe na walichofanya ni kumtoa ulingoni na kumbadilisha nguo tu, vitu vinalipuka nyuma yake, vinalipuka pembeni, anatoka mzima sura ile ile, hakuna dakika unayomhofia. Hulk Hogan naye 1989 walimfanyia hivyo hivyo kwenye No Holds Barred. Cena ilibidi asubiri mpaka 2015 alipokubali kuchekwa kwenye Trainwreck, na baada ya hapo ndo tukaja kumpata Peacemaker, mtu mwenye misuli yote ile na analia chumbani peke yake. Dave Bautista yeye alishtuka mapema, alikuwa anatafuta majukumu madogo yenye uzito badala ya kukimbilia kuwa stelingi, ndo maana kwenye Blade Runner 2049 yuko dakika chache mwanzoni, kavaa kimiwani kidogo, na hausahau uso wake muvi nzima.

Na The Rock mwenyewe? Hapa ndo nina kinyongo kidogo, kinyongo cha shabiki. Baada ya Fast Five 2011 akawa mkubwa mno, na 2019 gazeti la Wall Street Journal likaripoti kwamba mastaa wa zile Fast & Furious, yeye akiwemo, walikuwa wanaangalia sana nani anapigwa kiasi gani ili mmoja asionekane mnyonge kwa mwenzake. Nilivyosoma ile nikakumbuka Manito. Mtu aliyejenga jina kwa kumfanya Stone Cold aonekane radi, leo ngumi zinahesabiwa! Na ndo maana mtoto wa miaka 12 anashangaa kumwona anapigwa, kakua na The Rock ambaye haanguki. Nilifurahi sana alipocheza The Smashing Machine 2025, anamwigiza Mark Kerr yule mpiganaji wa ngumi za mchanganyiko, humo anapigwa, anashindwa, analia kwenye chumba cha kubadilishia nguo mpaka unataka kuingia umshike bega. Watu wakasema kajifunza kuigiza uzeeni. Hapana jamani, alijua tangu 2003, nendeni mkaangalie.

Maksi zangu 8 kwa 10. Moja nimekata kwa ajili ya wachimbaji wasio na majina na moja kwa nyani. Kwa familia inafaa, damu kidogo, matusi sio mengi, dakika kama 100 na kidogo tu, usiku wa siku ya shule inaisha mapema.

Sisi haikuisha mapema. Dogo alirudisha mteremko mara tatu, afu akaniuliza huyo Stone Cold ndo nani, nikawasha bando nikamtafutia ile mechi yao ya mwisho ya Machi 2003 kule Seattle, miezi sita tu kabla ya hii muvi kutoka. The Rock alivyokula Stunner akaruka, dogo akasimama juu ya godoro, "Mjomba rudisha hapo, rudisha," na mihogo imeshapoa.